Katniss, Nausicaä, Lauren au Asha: uanze na binti yupi?

Ukitaka hadithi ya binti jasiri anayeutetea mji wake katika dunia ijayo iliyoharibika, shida si kuipata. Shida ni kwamba zimejaa tele, na nyingi zimenakiliana: msichana ana miaka kumi na sita, ana silaha moja anayoimudu kuliko wote, wavulana wawili wanamgombania, na serikali nzima inaanguka kwa ajili yake. Mji wenyewe huuoni. Hujui watu wake wanakula nini, wanachota maji wapi, nani anamdai nani. Unaambiwa tu kwamba wanaonewa, nawe unatakiwa kuamini.

Kwa hiyo hapa nimepima mji kwanza, binti baadaye. Kama sijaujua mji, ushujaa wa anayeutetea haunigusi. Kipimo hicho kimeniondolea mengi mezani. Divergent ya Veronica Roth (2011), ile ya Chicago ya baadaye, imeanguka mapema. Makundi yake matano nayaona kama tabia tano za binadamu kuliko kama watu wanaoishi pamoja na kukopeshana chumvi. Who Fears Death ya Nnedi Okorafor (2010), ya Sudan ijayo, ni riwaya kubwa kweli, lakini imebebwa na uchawi mno, na ningependa kuilinganisha siku nyingine na wenzake wa aina hiyo.

Wamebaki wanne. Nitafichua baadhi ya mambo yanayotokea, maana huwezi kulinganisha utetezi wa mji bila kusema mji uliishia wapi.

Wa kwanza ni Katniss Everdeen wa The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins ya 2008, iliyofuatwa na Catching Fire (2009) na Mockingjay (2010), kisha filamu nne kati ya 2012 na 2015. Kwao ni Wilaya ya 12, machimbo ya makaa ya mawe katika milima ya Appalachia, ndani ya nchi iitwayo Panem iliyozuka juu ya magofu ya Amerika Kaskazini.

Wa pili ni Nausicaä, binti mfalme wa Bonde la Upepo, katika filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki ya 1984, Nausicaä of the Valley of the Wind. Ni miaka 1,000 baada ya vita iliyoteketeza ustaarabu wa viwanda kwa siku saba. Kuna pia manga yake, yaani hadithi ya Kijapani ya picha vitabuni, Miyazaki mwenyewe ndiye mchoraji, iliyoanza 1982 ikaisha 1994, vitabu saba. Hiyo ni habari nyingine, nitaigusa baadaye.

Wa tatu ni Lauren Olamina wa Parable of the Sower, riwaya ya Octavia Butler ya 1993. Anaishi katika mtaa uliozungushiwa ukuta huko Robledo, kama kilomita thelathini kutoka Los Angeles. Shajara yake inaanza Julai 2024, siku anayotimiza miaka 15. Butler alikuwa anaandika kuhusu siku za mbele. Wewe unayesoma leo unasoma tarehe iliyokwisha kupita, na hilo peke yake linatosha kukukosesha raha.

Wa nne ni Asha wa Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya 2009. Dakika ishirini na kitu, basi. Ni Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyopiganwa kwa ajili ya maji. Watu waliobaki wamejifungia katika jumuiya iitwayo Maitu na wanaambiwa kwamba nje hakuna uhai.

Nani ameukalia mji, na kwa njia gani

Hapa ndipo Collins anapowaacha wengi nyuma, na ndiyo sababu nasema soma kitabu kabla ya filamu.

Watu hukumbuka mishale na uwanja wa mauaji. Mimi nakumbuka hesabu. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja kati ya 24. Majina yanachotwa kwa karatasi. Ukifikisha miaka 12 jina lako linaingia mara moja, miaka 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi 18, mara saba. Juu juu ni haki kwa wote. Lakini mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza karatasi, na kila karatasi ya ziada inampa nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka, tena ya kubangaiza. Karatasi hizo hazifutwi. Zinajumlishwa mwaka hadi mwaka. Katniss, baba yake alipokufa mgodini, alianza kuchukua mgawo wake, wa mama yake na wa mdogo wake Prim, jumla karatasi nne kila mwaka ukihesabu na ile ya lazima. Akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye wadogo wengi wa kulisha, limo mara 42. Binti wa meya, ambaye hajawahi kulala njaa, ana zile za lazima tu.

Sasa tazama kinachotokea. Mtoto wa mchimba makaa anamwonea kijicho mtoto wa mwenye duka, na wote wawili hawana muda wa kumtazama aliyepanga mchezo. Gale analijua hilo na analipigia kelele msituni, mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Filamu ya 2012 inataja namba ile 42 kwa sentensi moja na kupita. Kitabu kinakukalisha nayo hadi uielewe njaa inavyogeuzwa kuwa kamba. Ongeza soko la magendo lililo ndani ya ghala kuukuu la makaa, ambako Walinda Amani wenyewe, askari wa serikali, wananunua nyama ya porini ambayo kisheria ni kosa la kunyongwa. Ongeza uzio wa umeme unaotakiwa kuwaka saa 24, wakati mji wenyewe unapata umeme saa mbili tatu za jioni, ukibahatika. Msomaji wa kwetu hapo hahitaji maelezo ya pembeni.

Robledo ya Lauren haina mkandamizaji mmoja mwenye kasri. Serikali ipo, uchaguzi upo, rais yupo. Ila polisi wanakuja ukiwalipa, zimamoto hivyo hivyo, na maji ya kununua ni ghali kuliko petroli. Nje ya ukuta kuna wasio na makazi na waraibu wa dawa inayowafanya wafurahie kutazama moto kuliko kitu chochote, kwa hiyo wanawasha. Ndani ya ukuta majirani wanafanya zamu za usiku wawili wawili wenye bunduki, sungusungu wa kujipanga wenyewe, na mchana wanawafundisha watoto kulenga shabaha. Baba yake Lauren ni mchungaji wa Kibaptisti na mwalimu wa chuo. Ndiye anayeushika mtaa usisambaratike.

Kipande cha kitabu hicho nitakachokutajia kila mara ni mji wa Olivar. Ni mji wa pwani, wa watu waliokuwa nazo, unaoliwa na bahari na kuzongwa na maskini. Kampuni kubwa inakuja na kuununua mzima mzima. Inaahidi ulinzi, chakula, kazi, nyumba. Wakazi wanakubali, tena kwa kura. Mshahara utakuwa mdogo, nyumba na chakula vitakuwa vya kampuni, na deni litakua hadi mtu asiweze kuondoka. Familia ya rafiki yake Lauren inaomba nafasi na kupata, na inafungasha kwa furaha. Hakuna risasi iliyopigwa. Kwangu mimi huo ndio mji unaoonewa kuliko yote katika kazi hizi nne, na Lauren hakai humo hata siku moja.

Maitu ya Asha inabana kwa utaratibu. Maji yanapimwa kwa chupa. Jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Umeme unatokana na watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Asha anafanya kazi katika makumbusho ya viumbe, anasinzia mezani, anaota mti wa kijani, na kompyuta inamwamuru anywe dawa ya kuzuia ndoto. Tukio hilo linachukua muda mfupi mno na limebeba filamu nzima. Baraza linaloamua mambo halina makeke; linaongea kupitia skrini, linakataa ombi, linaendelea na shughuli nyingine. Anayepanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya umma atalitambua mara moja. Hata hivyo watu wa Maitu siwajui. Naijua mitambo yao, siwajui wao, na kwa kipimo nilichojiwekea huo ni upungufu mkubwa wa Pumzi, hata nikizingatia ufupi wake.

Kuhusu Bonde la Upepo, uonevu wake ni wa aina ya zamani kabisa. Jeshi la Tolmekia linashuka na ndege zake, linamuua mfalme mgonjwa kitandani, linatangaza kwamba limekuja kuwaunganisha wanadamu na kuuchoma msitu wa sumu. Kinacholiokoa jambo hili lisiwe la kawaida ni kwamba kamanda wao, Kushana, ana hoja. Msitu ule unaua kweli. Hewa yake ukiivuta bila barakoa dakika chache mapafu yanaoza. Baadhi ya wanakijiji wanatamani aliyosema yawe kweli, na Miyazaki hawachekei.

Bonde lenyewe limechorwa na mtu anayelipenda. Vinu vya upepo vinavuta maji. Upepo wa baharini unazuia vumbi la sumu. Wazee kwa watoto wanakimbia na moto kutafuta mbegu za msitu zilizoangukia mashambani kabla hazijaota. Kuna tukio ambapo mzee mmoja aliyetekwa anamwonyesha Kushana mikono yake. Sumu imeanza kuigeuza kuwa kama jiwe. Anamwambia kwamba binti yao anaipenda mikono hiyo, anaiita mizuri, mikono ya mchapakazi. Kushana hana la kujibu. Baada ya hapo sihitaji kuelezwa kwa nini mabinti na wazee wa kijiji kile wako tayari kushika marungu dhidi ya vifaru.

Asiyeogopa ni nani hasa

Ukiwa umekuja kwa ajili ya binti asiyejua woga, kati ya wanne anayelingana na picha hiyo ni Nausicaä. Anaruka juu ya ndege yake ndogo nyepesi bila kushika sawasawa, anaingia msituni peke yake, anaweka mkono mbele ya mdomo wa mnyama anayeuma na kusubiri atulie. Ni mtu wa kuigwa tangu dakika ya kwanza, na hilo lingenichosha kama si tukio moja: anapomkuta baba yake ameuawa anawashambulia askari wenye deraya kwa fimbo, anaua, na anaendelea kuua hadi mwalimu wake Yupa anapoingiza mkono wake mwenyewe kati ya silaha. Baadaye anakiri kwamba anajiogopa. Woga wake hauhusu adui, unahusu hasira yake. Watoto wanaotazama hawaulizi kuhusu hapo, ila wanakumbuka.

Katniss anaogopa karibu kila ukurasa. Anaogopa njaa kwanza, kisha kamera, kisha kupendwa. Tendo lake la kishujaa linalojulikana kuliko yote, kujitolea badala ya Prim mwenye miaka 12, analifanya bila kufikiri. Anayoyafikiri baadaye ni kama mama yake atakumbuka kula. Hana nia ya kukomboa mtu, na mapinduzi yanapokuja anatumiwa na pande zote mbili kama bango. Wapo wanaomwona mzito na mwenye kununa. Mimi hapo ndipo ninapomwamini, kwa sababu mtu aliyelisha familia tangu ana miaka 11 hatarajiwi kuwa na hotuba tayari. Ishara yake ya vidole vitatu, ambayo kitabuni ni ya kumuaga mtu mnayempenda, ilitoka kwenye filamu ikaingia barabarani: waandamanaji wa Thailand waliinua vidole hivyo baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 2014, na wa Myanmar baada ya yale ya 2021.

Lauren ana jambo ambalo sijaliona kwa mwingine. Mama yake alitumia dawa fulani akiwa mjamzito, na Lauren alizaliwa na hali ya kuhisi maumivu anayoyaona kwa mwingine kana kwamba ni yake. Mtu akipigwa mbele yake, anaanguka. Sasa mpe mtu huyo bunduki na mwambie alinde watu. Kila anapofyatua risasi anapata sehemu ya maumivu, na kwa sababu hiyo analazimika kuua moja kwa moja, maana majeruhi atamlaza chini naye. Butler haoni haya kulifuata wazo hilo hadi mwisho wake mchafu.

Lakini ujasiri wa Lauren ninaoupenda ni ule wa kabla ya vurugu. Akiwa na miaka 15 anakwisha kuona kwamba ukuta hautadumu. Anasoma vitabu vya mimea ya porini, anajifunza mkate wa mbegu za mwaloni, anafungasha begi la dharura: kishoka, viberiti, vyombo vidogo, pesa, chakula kikavu. Anamweleza rafiki yake. Rafiki anaogopa, anamwambia mama, na Lauren anaitwa na baba yake, anagombezwa kwa kutisha watu. Kisha baba anampa kazi ya kufundisha wadogo, kwa sababu kimoyomoyo anajua binti hajakosea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Mtaa wa Lauren ulikuwa na ukuta tayari na ulikuwa hautaki kabisa kusikia habari ya ufa.

Asha haongei karibu chochote. Anapata udongo ndani ya kifurushi kisicho na jina la aliyemtumia, anaupima, anakuta una unyevu na hauna mionzi, anapanda mbegu kwa maji ya chupa yake, mbegu inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka, ananyimwa. Anatoka kwa msaada wa mwanamke wa usafi. Huo ni ushujaa wa mtumishi aliyeona takwimu na kukataa kuzikalia, na Kenya inaujua ushujaa wa namna hiyo: Kahiu alikuwa ametoka kutengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu Wangari Maathai kipindi hicho hicho.

Mji unapona?

Bonde la Upepo linapona, na kati ya wanne hilo ndilo pekee lililotetewa likabaki palepale. Nausicaä anasimama mbele ya kundi la wadudu wakubwa kama nyumba waliochokozwa kwa makusudi waje kulikanyaga bonde. Mwisho wake una muujiza. Ukiwa mtu wa hoja utakunja uso kidogo. Manga inakataa njia hiyo ya mkato. Lakini manga pia inamwondoa Nausicaä kijijini mapema na kumpeleka vitani mbali, kwa hiyo mwenye kiu ya mji atakunywa zaidi kwenye filamu, na mwenye kiu ya fikra kwenye vitabu vile saba.

Wilaya ya 12 inachomwa kwa mabomu. Katniss hayupo, yuko uwanjani, na inatokea kwa sababu ya alilofanya huko. Tunaambiwa kwa sentensi moja mwishoni mwa kitabu cha pili, na kitabu cha tatu kinaanza akitembea juu ya majivu. Nimesikia wasomaji wakilalamika kwamba Mockingjay inachosha. Inachosha kweli katikati, hasa kurasa za mahandaki ya Wilaya ya 13. Ila haikudanganyi kwamba mtu anaweza kuupindua utawala kama ule na kurudi nyumbani akakuta jiko lake bado lina moto.

Robledo inaanguka 2027. Lauren ana miaka 18, anapoteza karibu kila mtu, anavaa kama mwanamume na kuanza kutembea kwenda kaskazini kwa barabara kuu pamoja na majirani wawili waliookoka, Harry na Zahra. Kutoka hapo kitabu kinageuka kuwa cha kuanzisha mji mwingine, mtu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akichunguzwa kabla ya kuruhusiwa kulala karibu na moto. Wanaishia kwenye ardhi huko Humboldt, kaskazini mwa California, na kuuita mji wao Acorn. Kwa hiyo ukiuliza kama Lauren aliutetea mji wake, jibu la haraka ni hapana. Kwangu yeye ndiye anayeelewa kuliko wote mji ni kitu gani: ni nani anakesha zamu ya pili, nani ana mbegu, nani anajua kusoma na atamfundisha nani.

Asha anatembea jangwani hadi anapanda mche wake, anaumwagilia maji ya mwisho aliyonayo na kuukinga jua kwa mwili wake. Maitu haijui kilichotokea. Filamu inafunga bila kutuambia kama itajua.

Itakugharimu nini

Pumzi inakugharimu muda wa kusubiri chai ichemke na kunywewa. Maneno ni machache, kwa hiyo lugha si kikwazo. Watoto wadogo watachoka, hakuna kinachokimbia.

Nausicaä ni karibu saa mbili. Inafaa kutazamwa na familia kuanzia watoto wa miaka minane tisa, ingawa damu ipo na wadudu wanatisha. Tafuta toleo kamili. Lile lililotolewa Marekani katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Warriors of the Wind lilikatwa vipande vingi hadi hadithi ikapoteza maana, na bado nakala zake zinazungukazunguka. Toleo la sauti za Kiingereza la 2005 ni salama.

The Hunger Games imeandikwa kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, Katniss mwenyewe akisimulia. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaimudu. Watoto wanaua watoto, hilo ulijue, ila hakuna mambo ya kitandani, na ukatili hauandikwi kwa kuufurahia. Miaka 12 au 13 na kuendelea ni sawa. Vitabu vya baadaye, The Ballad of Songbirds and Snakes (2020) na Sunrise on the Reaping (2025), vinarudi nyuma kabla ya Katniss, usianzie huko.

Parable of the Sower ina lugha rahisi pia, kwa kuwa ni shajara yenye tarehe na vipande vifupi. Ugumu wake uko kwingine. Kuna ubakaji, kuna mtoto aliyeteswa hadi kufa, kuna watu wanaokula watu barabarani. Usimpe mtoto wa chini ya miaka 16 bila wewe kukisoma kwanza. Halafu kuna dini: binti wa mchungaji anaiacha imani ya baba yake na kuandika yake mwenyewe, inayosema Mungu ni mabadiliko, na kila sura inaanza na beti zake. Kikundi cha kusoma cha kanisani kinaweza kupata mjadala mzuri sana hapo au ugomvi mzuri sana. Mnajuana wenyewe.

Nani achukue ipi

Una binti au mdogo wako wa miaka 13 asiyependa kusoma: mpe The Hunger Games, kitabu, na umwahidi filamu akimaliza. Hesabu ya karatasi ifanyeni pamoja kwenye daftari. Atauliza maswali ambayo darasa la uraia halijawahi kumfanya aulize.

Mna jioni moja, na nyumbani kuna mchanganyiko wa bibi, wajukuu na shemeji asiyependa katuni: Nausicaä. Shemeji atakaa.

Wewe ni mwalimu mwenye kipindi kimoja cha dakika 40: Pumzi, na dakika zinazobaki waulize wanafunzi waandike siku moja ya mfanya usafi wa Maitu, maana filamu imemwacha nje na yeye ndiye aliyefungua mlango.

Wewe ni mtu mzima, umesoma vya kutosha, na umechoka na mabinti wanaoshinda: Parable of the Sower bila kuzunguka. Ningeiweka juu ya hizi nyingine zote hata nikijua kwamba katika Ulinganisho wa "mtetezi wa mji" Nausicaä anamshinda kwa kila alama. Mwendelezo wake, Parable of the Talents (1998), ulioshinda Nebula, tuzo ya hadithi za kisayansi, unarudi Acorn na kuonyesha mji huo nao ukivamiwa na kugeuzwa kambi ya mateso na wafuasi wa dini walio upande wa rais mpya. Rais huyo anaomba kura kwa ahadi ya kuifanya Marekani kuwa kuu tena. Kitabu ni cha 1998, kumbuka. Ni kizito kuliko cha kwanza, na sehemu yake kubwa ni binti wa Lauren akimhukumu mama yake kwa kuupenda mji kuliko mtoto. Usivinunue vyote viwili kwa pamoja. Soma cha kwanza, kaa miezi kadhaa, kisha uamue kama bado unamtaka Lauren.